Siku Saba za Kidani cha Mama Ifrah

Rukia ndiye aliyetaka niandike. Alikuja kwangu Buruburu wiki ya pili baada ya mimi kustaafu, akanikuta sebuleni nimewasha redio bila kusikia inachosema, akaweka mezani daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili. "Dada Mueni, waandikie vijana wa dukani," alisema. "Ile mashine ya kupimia dhahabu inawaambia karati tu. Wewe waambie yale mengine." Lilikuwa wazo zuri, na kwa sababu lilikuwa lake nilimaliza chai yangu bila kulisifu.

Basi nyinyi vijana mnaosoma, jueni mapema kwamba anayewaandikia ni mtu mwenye wivu. Sisemi wivu wa mapenzi. Mume wangu, Baba Mutua, ni dereva wa basi la shule na akitoka kazini hutaka ugali na taarifa ya habari, basi. Nasema wivu wa kazini, ule wa kukaa dawati moja na mtu miaka zaidi ya ishirini huku unampimia kila kitu, hadi vijiko vya sukari anavyotiliwa kwenye chai. Mkisikia mtu anasema hajawahi kumwonea mwenzake wivu kazini, mwangalieni kama mnavyoangalia kikuku cha kale kisicho na mkwaruzo hata mmoja.

Mimi ni mtoto wa Makongeni. Baba alikuwa karani wa reli, na nyumbani kwetu dhahabu ilikuwa moja tu, pete ya ndoa ya mama, ambayo miaka mingi baadaye niliipima nikakuta ni shaba. Sikumwambia. Kwa Bi Shufaa nilipata kazi kwa sababu alihitaji mtu wa kuandika risiti na mimi nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Duka lilikuwa palepale lilipo leo, Pumwani, chumba kimoja mbele na kingine nyuma, mlango wa chuma na kabati la kioo. Bi Shufaa hakuuza vitu vipya. Aliuza vya kale: vikuku, vipini vya pua, mikufu na vidani ambavyo bibi za watu walivivaa, wakawaachia mabinti, nao wakawaachia wajukuu. Wateja walitoka Ziwani, Eastleigh, Kaloleni, na wengine walifunga safari kutoka Mombasa kwa sababu walisikia kwamba kwake kitu cha bibi hakitupwi kwenye mizani kama nyama.

Siku ya kwanza alinikabidhi kikuku kimoja kilichovunjika, akaniambia nikae nacho. Nilikaa nacho mpaka saa kumi jioni. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona rangi ya manjano.

"Hata ndizi ina rangi hiyo," akasema. "Kesho uangalie ndani."

Hilo ndilo somo la kwanza na bado ni la kweli. Nje ya kikuku ni kwa ajili ya wageni. Hung'arishwa, hupigwa brashi, huogeshwa kwa maji ya ukwaju. Ndani ndiko kulikosugua ngozi ya mtu. Pete huliwa upande wa kiganja. Vikuku vilivyovaliwa viwili viwili huliwa pale vinapogongana. Kidani huliwa kwenye vile vijipete vinavyobeba uzito, na ukikuta kimechakaa sawasawa kila mahali, ujue kuna mtu amekipitisha msasa wiki iliyopita ili kionekane kizee. Umri wa kweli hauna adabu ya kugawanyika sawa.

Kisha akanifundisha jiwe. Mnalijua, lile jeusi ambalo sasa mnaegemezea simu ili isiteleze. Unasugua dhahabu juu yake, inaacha mstari, halafu unapaka tindikali kutoka kwenye vile vichupa vitatu. Ukipaka ya karati kumi na nane na mstari ukabaki umesimama, una kumi na nane au zaidi. Ukififia, shuka chini. Nguo zangu zote za miaka ile zilikuwa na vitundu vya tindikali mapajani. Akina mama wa kanisani walinishauri ninunue dawa ya mende.

Lakini jiwe husema kweli ya pale ulipogusa tu. Bi Shufaa alirudia jambo moja mpaka nikaliota: usisugue penye lehemu. Kitu cha kale lazima kiliwahi kukatika, na fundi aliyekiunga alitumia dhahabu hafifu kwa sababu huyeyuka haraka. Ukisugua pale, utampima fundi wa barabarani na kumsahau sonara aliyekitengeneza. Sugua mahali patatu, na pamojawapo pawe pale ambapo mwenyewe hajawahi kupaona.

Alikuwa na sheria zake nyingine pia. Hakununua kitu kwa mwanamke aliye katika eda. Mjane alikuja siku moja na furushi la mkufu na herini, mashemeji wawili wamesimama nyuma yake kama mabaunsa. Bi Shufaa aliwapa chai wote, akamwambia yule mjane, "Mwanangu, rudi miezi minne na siku kumi zikiisha, na uje peke yako." Mashemeji walinuna sana. Alirudi, na alikuja peke yake, na hakuuza kitu. Alikuja kushukuru.

Na kulikuwa na kulaza. Hili mmelikuta na mnalifanya bila kujua lilikotoka. Kitu chochote tulichonunua kililazwa kwenye sefu siku saba. Ndani ya siku hizo mwenyewe akijuta, anarudisha pesa na kuchukua chake, bila maneno. Siku saba zikiisha, vitu viligawanywa. Cha kale, chenye kazi ya mkono, kilipanda kabatini kutafutiwa mnunuzi, na hapo kingeweza kukaa hata mwaka. Vilivyobaki, cheni za kiwandani zilizokatika na herini zisizo na wenzao, viliyeyushwa kila Alhamisi kwenye chungu kule chumba cha nyuma. Kwa hiyo neno kubwa kuliko yote katika risiti halikuwa bei. Lilikuwa lile tuliloandika chini kabisa: kabati au moto.

Nilifanya kazi hiyo miaka minane nikiwa peke yangu na Bi Shufaa, na niwaambie ukweli, nilikuwa na raha. Aliniita Mueni tu, hakunibembeleza, lakini kikija kitu kigumu alikisukuma upande wangu wa dawati na kungoja. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi ya juu kabisa aliyokuwa nayo. Mwaka wa tisa akaja Rukia.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, amezaliwa na kukulia huku huku. Siku yake ya kwanza Bi Shufaa alimpa kikuku kilekile, au ndugu yake. Mimi nilitabasamu nikingoja jioni. Haikufika hata saa tano asubuhi. Rukia aliinua kichwa akasema, "Huyu aliyekivaa alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Amekipasua kwa kusukuma jiwe la kusagia."

Bi Shufaa akaweka miwani chini. Akasema, "Njoo hapa, mwanangu."

Mwanangu. Miaka minane sikuwahi kulisikia likielekezwa kwangu, na huyu alilipata kabla ya chai ya saa nne kupoa. Jioni nilimsimulia Baba Mutua. Keshoye nikamsimulia tena. Baada ya mwezi akaniuliza, "Huyo Rukia sasa tumtandikie kitanda? Maana anakula hapa kila siku."

Ningependa kuwaambia alikuwa na majivuno. Hakuwa nayo, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniamkia kila asubuhi kama dada mkubwa, aliniuliza mambo aliyoyajua tayari ili nijisikie vizuri, na mimi nilijua kwamba anajua. Masikio yake yalikuwa makali kuliko jiwe langu. Kijana mmoja aliingia siku moja na cheni nzito shingoni, akaivua kwa mbwembwe na kuiangusha juu ya kioo cha kabati.

"Niaje mathe," akanisalimu. "Hii cheni ni ya cucu, alituachia. Gold safi. Gramu mnanunua ngapi?"

Mimi nikavuta jiwe na vichupa. Rukia alikuwa anafunga kifurushi upande wa pili. Bila kugeuka akasema, "Iangushe tena kwa kioo." Kijana akaiangusha. "Sasa niambie, huyo bibi yako alikuwa askari jela? Maana hiyo imelia kama funguo."

Kijana akacheka mpaka akashika kabati. "Aii manze, siste, umenishika. Wacha niende kwa Wahindi."

"Nao wana masikio," Rukia akasema, na Bi Shufaa kule nyuma akacheka kicheko ambacho sikujua anacho. Mimi nilibaki nimeshika kichupa cha tindikali kilichofunguliwa. Hiyo ndiyo sura yangu ya miaka ile, mkiitaka: mtu mwenye vifaa vyote, anayefika baada ya jibu.

Sasa nafika pale ambapo Rukia mwenyewe hajui nitafika.

Ulikuwa mwaka wake wa tatu, wangu wa kumi na moja. Bi Shufaa alikwenda Mombasa kwenye harusi ya binti wa dada yake, akae siku tisa hivi. Hakuwahi kutuachia duka zaidi ya siku mbili. Asubuhi ya safari alitoka na baibui lake jipya na sanduku, akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa funguo za sefu. Nilinyoosha mkono. Nawaambia nilinyoosha kweli, si kwa kuwaza. Akapita mbele yangu akampa Rukia.

"Wewe ununue," alimwambia, "na Mueni aandike."

Nilijifanya nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kufutia kioo. Nikakifuta kioo kile mpaka kikalia.

Siku mbili baadaye, Jumatano, aliingia Mama Ifrah. Nyinyi mnamjua, yule mama mrefu anayeuza mashuka Eastleigh na huja kwetu Ijumaa baada ya swala. Wakati huo hatukumjua. Alikimbilia nchi hii akiwa kijana, na mtoto mgongoni, na alichovuka nacho mpaka kilikuwa kimeshonwa kwenye pindo la gauni lake. Alikitoa kwenye kitambaa akakilaza mezani kwa Rukia. Kilikuwa kidani cha mamake, na kabla ya hapo cha bibi yake. Ifrah alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi na alitakiwa kulipa karo wiki ileile, la sivyo nafasi ipewe mwingine.

"Kitakaa hapa siku ngapi?" aliuliza.

"Saba, mama," Rukia akasema.

"Ndugu yangu atatuma pesa. Nitakirudia. Wallahi nitakirudia."

Duka lilikuwa limejaa. Simu ya mezani ilikuwa inalia, na mwanamke mwingine alikuwa anagomba kuhusu herini zake. Rukia, ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha, alikuwa na funguo kwa mara ya kwanza na nadhani zilimlemea. Alichukua kidani, akakishika karibu na kishikizo, akasugua. Mara moja tu. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja. Niliona alipogusa, na niliona uvimbe mdogo wa kijivu pale pale, alama ya fundi aliyeunga kwa haraka. Alisugua lehemu.

Mstari ukafifia. Akapaka ya chini, ukasimama. "Karati kumi na nne," akaniambia. "Ni cha kiwandani tu. Andika moto."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuona. Vijipete vya kidani kile havikulingana hata viwili. Vilikatwa na kupindwa kwa mkono, kimoja kimoja. Mgongoni kulikuwa na punje ndogondogo za dhahabu zilizopangwa safu kama mtama, na katikati safu moja ilikuwa imelainika kabisa pale iliposugua koo za wanawake watatu. Kilikuwa cha karati ishirini na moja kama si ishirini na mbili. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupita kwenye dawati lile. Nikaandika: karati kumi na nne. Moto.

Nilijiambia nitamweleza jioni tukiwa wawili, nisimwaibishe mbele ya wateja. Jioni alinunua sambusa akanipa mbili, akasema, "Leo nilikuwa naogopa, dada, lakini tumemaliza salama." Nilikula sambusa zile. Zilikuwa tamu na sikusema kitu.

Alhamisi tuliyeyusha vya wiki iliyotangulia. Ijumaa alikwenda kuswali akaniachia funguo kwa saa nzima, hivi hivi, bila kuhesabu kitu. Nilifungua sefu, nikakitoa kidani, nikakiangalia kwa lenzi karibu na dirisha. Ningeweza kukihamishia kwenye trei ya kabati. Ningeweza kufuta neno moja na kuandika jingine. Nilikirudisha, nikafunga sefu, na aliporudi nikamkabidhi funguo na kumwambia hakuna mteja aliyekuja.

Mtauliza nilitaka nini. Nilitaka Bi Shufaa akione. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba atarudi Jumatano, siku ya saba, kabla ya moto. Angefungua sefu kama kawaida yake, angekiinua kidani, angesoma risiti, na kwa macho yake mwenyewe angeona mwanawe amesugua lehemu, kosa ambalo mimi sikulifanya hata mwaka wangu wa kwanza. Kidani kingepona. Ambaye angeungua ni mtu, na kidogo tu, kiasi cha funguo kubadilisha mkono. Niliona ni mpango usio na madhara. Kanisani Jumapili niliuombea.

Jumatatu Bi Shufaa alipiga simu. Mimi ndiye niliyepokea. Akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Nipe Rukia." Walizungumza muda mrefu. Rukia alipoweka simu chini akanieleza kwamba bibi harusi ameugua malaria na sherehe imesogezwa, na Bi Shufaa atabaki hadi Jumamosi.

Basi mpango wangu ulikufa hapo, na bado nilikuwa na siku mbili nzima za kufungua mdomo. Jumanne nilikaribia. Nilimwita, "Rukia," na akageuka na ule uso wake wa kungojea, nikamwambia aniletee kalamu.

Alhamisi asubuhi aliwasha moto. Alitoa vitu vya moto kwenye sefu kimoja kimoja na kuvipeleka chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa mezani kwangu na kitabu cha risiti, na sikusema neno. Kidani kiliingia kwenye chungu chake peke yake kwa sababu kilikuwa kizito. Dhahabu haipigi kelele inapoyeyuka. Hujikunja, hukaa kidogo, halafu inakuwa tone moja linalotetemeka.

Kila donge tulilolitoa tulilipima tena, ndiyo kawaida. Nilisikia Rukia akisugua. Akasugua tena. Kisha akaja mbele na jiwe mkononi, midomo imemkauka.

"Dada Mueni, nimepaka ya kumi na nane. Mbona mstari haupotei?"

Nikachukua jiwe nikaliangalia kama mtu anayeona jambo jipya. "Huenda ulisugua lehemu," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyaweka siku nane, na yalipotoka yalitoka laini kabisa.

Alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alikaa tu, na jiwe mapajani, mpaka saa sita mchana mlango ulipofunguka na Mama Ifrah akaingia akihema, pesa zimefungwa kwenye ncha ya shela. Zilikuwa zimechelewa siku moja. Kwa sheria ya kulaza alikuwa amekosa. Lakini kingekuwa kimeandikwa kabati, angekikuta kwenye kioo cha mbele, kinamngoja.

Rukia aliinuka akamwambia yote. Hakupunguza kitu: mama, nilipima vibaya, nilikadiria vibaya, nimekiyeyusha asubuhi hii. Akamwekea donge kiganjani. Mama Ifrah aligeuza kile kidonge cha dhahabu huku na huku kwa kidole.

"Mama yangu yuko upande gani hapa?" akauliza.

Aliketi kwenye kiti cha wateja, na Rukia akapiga magoti mbele yake akamshika miguu. Mimi nilisimama nyuma ya dawati nikamwonea wivu hata hapo, kwa sababu alikuwa na mahali pa kupiga magoti.

Bi Shufaa aliporudi Rukia alimpokea mlangoni na funguo mkononi akazirudisha kabla ya salamu kuisha. Akasimulia. Alisema "mimi" kila mahali. Bi Shufaa alisikiliza, kisha akanigeukia.

"Na wewe, Mueni? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na risiti," nikasema.

Bi Shufaa akazichukua zile funguo, akampa Rukia tena. Sikuamini. Nadhani nilitoa sauti, kwa maana alinijibu bila kuulizwa: "Huyu nimekwisha kuona kosa lake. La kwako bado silijui."

Miaka kumi na tisa imepita. Rukia alimlipa Mama Ifrah thamani yote kidogo kidogo, na kila Ijumaa alikwenda kumsalimia, mwanzo nje ya mlango maana hakukaribishwa, baadaye ndani. Ifrah alimaliza chuo, ni muuguzi hadi leo. Mwishowe Mama Ifrah akaanza kuja yeye dukani, na halwa wakati wa Idi, akimwita Rukia binti yangu. Bi Shufaa alipofariki wanawe walimuuzia Rukia duka, na mimi nikawa mwajiriwa wa mdogo wangu. Hayo yote niliyameza. Nilichoshindwa kumeza ni ile halwa. Kila Idi niliwatazama wakila pamoja na kufikiri kwamba huyu amesamehewa, na mimi sitasamehewa kamwe kwa sababu hakuna anayejua nina kosa. Nimeuonea wivu msamaha wa mtu. Sijui kama kuna aliyewahi kufika mbali hivyo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemalizia, Jumapili iliyopita. Kisha nikaona si haki Rukia asome mambo haya akiwa amesimama dukani katikati yenu. Nikampelekea daftari nyumbani kwake, nikamwambia asome kwanza, aamue mwenyewe kama mtapewa. Alikaa nalo siku tatu. Jana amelirudisha. Alikunywa chai, akamuuliza Baba Mutua habari za mgongo wake, akaweka daftari mezani akaenda.

Nililifungua baada ya yeye kuondoka. Hakuwa amekata kitu, hata yale ya sambusa. Alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya maneno mawili tu, pale asubuhi ya moto nilipoandika kwamba "sikusema neno." Pembeni ameandika:

"Hapana, dada. Asubuhi ile nilipata wasiwasi. Nilikuletea mezani nikakuuliza, hata hiki? Ukakishika. Ukakigeuza mgongo. Ukasema, yeyusha."

Jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Nilitaka kumpigia simu nimwambie amesahau. Miaka kumi na tisa nimeisimulia asubuhi ile moyoni mwangu, na kila nikiisimulia mdomo wangu umefungwa. Lakini nilipoketi nayo nilimwona amesimama upande wa dirisha, kidani kimening'inia kwenye vidole vyake viwili, na nikahisi uzito wake kiganjani mwangu, na zile punje zilizolainika. Nikasikia sauti yangu. Haikutetemeka hata kidogo.

Kwa hiyo alijua. Alijua akiwa amekaa sakafuni, alijua akiwa amepiga magoti, na Bi Shufaa aliponiuliza nilikuwa wapi, alikuwa amesimama pale pale kando yangu na hakunitaja. Ijumaa zote zile, na kila Idi akinikatia kipande cha halwa na kunipa kwa mkono wake, alijua.

Leo asubuhi nimempigia simu Mama Ifrah. Nimemwambia nina neno nataka kumwambia, na nitakuja kwake nyumbani, si dukani. Akafurahi, akasema ataweka chai, akaniuliza kama nakuja na Rukia. Nikamwambia hapana, nakuja peke yangu.